Wapi na Lini: Unahodha wa Vyombo Kati ya Nyota katika Hadithi za Kubuni za Sayansi

Hotuba iliyotolewa mbele ya waandishi chipukizi na wasomaji wa riwaya, Upanga, Dar es Salaam, mwezi Juni

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliokubali kuja kunisikiliza, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: nawashukuru kwa kunipa jioni hii nizungumzie jambo ninalolipenda tangu utotoni, nalo ni namna nahodha wa hadithi za kubuni za sayansi anavyoijua njia anapotoka kwenye nyota moja kwenda nyingine.

Nianze na jahazi. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba boriti, nazi na abiria kati ya Kisiju na Mafia, na mara moja, nikiwa na umri wa miaka tisa, nilisafiri naye usiku. Tulipofika katikati ya maji, nchi haionekani mbele wala nyuma, niliingiwa na hofu nikamwuliza, "Babu, tuko wapi?" Hakunyoosha kidole kokote. Aliniuliza naye, "Mjukuu wangu, tulitweka tanga saa ngapi?" Nilidhani hakunisikia. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa amekwisha kunijibu. Kwa mtu asiyeona alama yoyote ya nchi kavu, mahali alipo hupatikana kwa kasi ya chombo, uelekeo wake, na muda uliopita tangu kishike njia, na kimojawapo kikikosekana, viwili vinavyobaki havimfikishi popote. Swali langu la wapi lilikuwa limebeba swali la lini ndani yake, na mimi sikulijua.

Nimekuja kusema kwamba kati ya nyota na nyota maswali hayo mawili hayatenganishiki kabisa, kwamba waandishi wengi wa hadithi za angani wameyapita bila kuyagusa, na kwamba sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna kila sababu ya kuyashika.

Lugha yetu yenyewe imetutengenezea njia. Tunasema chombo kwa jahazi na tunasema chombo kwa kile kinachorushwa angani, wala hakuna msomaji anayeshangaa. Neno rubani, ambalo leo tunalitumia kwa mwendesha ndege, lilikuwa la bahari kwanza: ndiye mjuzi wa njia anayepanda chomboni kumwongoza nahodha mgeni. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi bila kuijua njia ya kuvuka kwenda India, mfalme wa Malindi alimpa rubani, akaondoka tarehe 24 Aprili na kufika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Safari iliyoibadili historia ya bahari hii ilitegemea mtu mmoja aliyejua nyota na pepo. Tazameni basi ni mamlaka kiasi gani yaliyomo mikononi mwa ajuaye njia, kwa kuwa jambo hilo nitalirudia.

Katika hadithi nyingi za angani, mtu huyo hayupo. Nahodha anaketi, anataja jina la nyota, mtu anabonyeza kitufe, nyota zinageuka mistari ya mwanga, na aya inayofuata inaanzia wamekwisha kufika. Ninaelewa kwa nini waandishi wamefanya hivyo. Nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, Proxima Centauri, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg, iko umbali wa miakanuru 4.24, na mwakanuru mmoja ni karibu kilomita trilioni 9.5. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho mwaka 2012 kilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, kinakwenda kwa kasi ya kilomita 17 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo umbali wa kufika Proxima Centauri ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Mwandishi anayetaka wahusika wake wafike wakiwa hai hana budi kubuni kitu, na kubuni ndiyo kazi yake. Ninachosikitikia ni kwamba njia inapofutwa, nahodha naye anafutwa. Anabaki mtu wa kutoa amri kwenye kiti kizuri, na sisi wasomaji tunanyimwa kumwona akifanya kazi.

Wapo waliokataa kumfuta. Robert Heinlein, katika riwaya yake ya vijana ya mwaka 1953 iitwayo Starman Jones, aliwaonyesha wanahesabu wa njia wakikokotoa mruko wa chombo chao kwa majedwali yaliyochapishwa vitabuni, na akamfanya kijana mwenye kumbukumbu isiyosahau awe tegemeo la wote vitabu hivyo vilipokosekana. Leo mtu atasema kwamba mwandishi hakuona kompyuta zikija jinsi zilivyokuja, na ni kweli. Hata hivyo, riwaya ile haijafa, kwa sababu tunamwona mtu akitokwa na jasho juu ya tarakimu ambazo akikosea moja tu, chombo kizima kinatokea mahali ambapo nyota zote ni ngeni. Frank Herbert naye, katika Dune ya mwaka 1965, aliweka ulimwengu uliopiga marufuku mashine za kufikiri, hivyo vyombo vikaongozwa na watu wanaotumia kiungo adimu cha chakula ili waione njia salama kabla ya kuipita. Falme zote za riwaya ile zinapigania kiungo hicho, kwa maana asiye nacho hana rubani, na asiye na rubani hana safari, biashara wala jeshi. Mfalme wa Malindi angeielewa riwaya hiyo bila mkalimani.

Sasa naomba tuiangalie kazi yenyewe, kwa kuwa mwandishi anayeijua atapata mengi ya kuandika kuliko anayeikwepa.

Vyombo tulivyo navyo leo huongozwa kwa kiasi kikubwa kutoka nyumbani. Marekani ina mtandao wa antena kubwa katika sehemu tatu, California, karibu na Madrid na karibu na Canberra, zilizopangwa hivyo ili Dunia inapozunguka pawepo daima sehemu moja inayokitazama chombo. Ishara ya redio inatumwa, chombo kinaijibu, muda wa kwenda na kurudi unapimwa, na kutokana na muda huo umbali unajulikana. Oneni kwamba hapa tayari tunapima wapi kwa kutumia lini. Kwa Voyager 1 ishara huchukua zaidi ya saa 23 kwenda tu. Lakini sogezeni chombo hadi jirani na Proxima Centauri, nahodha aulize, "Niko wapi?", na jibu litamrudia baada ya karibu miaka minane na nusu, likimwelezea mahali alipokuwa zamani. Uongozi wa kutoka nyumbani unakufa hapo. Chombo cha kati ya nyota lazima kijitambue chenyewe, kama jahazi la babu yangu katikati ya mlango wa Mafia.

Kitajitambuaje? Njia ya kwanza kila mvuvi wa hapa anaijua kwa macho ingawa huenda haijui kwa jina. Ukitembea ufukweni Msasani ukiitazama Bongoyo na nyuma yake Mbudya, kisiwa kilicho karibu kitaonekana kama kinasogea mbele ya kile cha mbali, ilhali anayesogea ni wewe. Wavuvi wetu hutumia jambo hilo kurudi kwenye mwamba uleule wenye samaki: wanaweka mnazi na mnara wa msikiti katika mstari mmoja, kisha alama nyingine mbili upande wa pili, na pale mistari miwili inapokutana wanatosa nanga. Nyota nazo ziko hivyo, za karibu na za mbali. Usiku wa tarehe 22 na 23 Aprili 2020, chombo cha New Horizons, kikiwa karibu kilomita bilioni 7 kutoka hapa, kilipiga picha za Proxima Centauri na Wolf 359, na zilipolinganishwa na picha zilizopigwa kutoka duniani, nyota zile mbili zilionekana zimehama mbele ya nyota zilizo nyuma yake. Kwa mara ya kwanza chombo kilikuwa mbali kiasi cha kuziona nyota za jirani zikiwa mahali pengine angani, na kutokana na kuhama kule inawezekana kukokotoa chombo kilipo.

Nahodha aendeleapo mbali zaidi, makundinyota yenyewe yanavunjika. Aliyesimama kwenye sayari ya Rijili Kantori, ambayo vitabu vya kigeni huiita Alpha Centauri, angeliona Jua letu kama nyota angavu ndani ya kundinyota la Mke wa Kurusi, na watoto waliozaliwa huko wangelichora humo bila kujua kwamba ni ugeni. Mwandishi apewe nini zaidi? Mtoto anamwonyesha bibi yake nyota na kuitaja kwa jina jipya, na bibi ndiye peke yake chomboni anayekumbuka kwamba nyota hiyo iliwahi kuchomoza upande wa Kigamboni asubuhi na kuanika nguo.

Ramani ya kuongozea ipo: darubini ya Gaia, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwezi Desemba 2013, imepima mahali na mwendo wa nyota karibu bilioni 2. Nasema mahali na mwendo, kwa sababu ramani ya nyota isiyo na tarehe haifai kitu. Nyota ya Barnard inasogea angani kiasi kwamba kwa muda usiofika miaka 200 inavuka upana sawa na wa Mwezi mpevu. Rijili Kantori inatukaribia kwa zaidi ya kilomita 20 kila sekunde. Juu ya hayo, nuru inayotufikia ni ya zamani, hivyo nyota unayoilenga haipo tena pale unapoiona. Nahodha anayetaka kukutana na chombo kingine kilichotweka tanga haelekezi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo chake, kwenye chombo hicho, anaielekeza mbele yake, mahali kitakapokuwa. Msafiri wa nyota anafanya hivyohivyo, ila kosa dogo la pembe mwanzoni mwa safari linaweza kumtupa mbali na nyota kwa masafa makubwa kuliko mfumo wetu wote wa Jua.

Nije sasa kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni minara ya taa.

Mnajua kwamba nje ya mlango wa bandari yetu, kisiwani Makatumbe, upo mnara wa taa. Kila mnara wa taa una mpigo wake wa kuwaka na kuzima, na nahodha anayeuona usiku anahesabu mpigo huo ili ajue ni mnara upi. Mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi aitwaye Jocelyn Bell aliona katika karatasi za darubini ya redio ishara iliyorudi kila baada ya sekunde 1.337, bila kukosea. Ilikuwa nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, yenye uzito unaozidi wa Jua lakini upana wake kilomita 20 hivi tu, umbali wa kutoka Posta hadi maeneo ya Mbezi, ikijizungusha huku ikirusha miale kama taa ya mnara. Tunaziita pulsa. Tangu hapo zimepatikana maelfu, kila moja na mpigo wake. Ile iliyo katika wingu la Kaa hupiga mara 30 hivi kwa sekunde, na ya kasi kuliko zote zinazojulikana hupiga mara 716 kwa sekunde.

Muda wa mipigo hiyo waweza kutabiriwa kwa usahihi wa kushangaza, na uongozaji unatokana na hapo. Tunajua mpigo fulani utafika saa ngapi kwenye kitovu cha mfumo wa Jua. Chombo kinaupokea na kuulinganisha na utabiri: ukiwahi, chombo kiko upande wa pulsa ile, ukichelewa, kiko upande wa pili. Tofauti ya sehemu moja kati ya elfu ya sekunde ni kilomita 300. Tofauti ya sehemu moja kati ya milioni ya sekunde ni mita 300. Ukifanya hivyo kwa pulsa tatu au nne zilizo pande mbalimbali za anga, na ukiwa na saa nzuri, umejua ulipo bila kumwuliza mtu.

Hili limekwisha kujaribiwa. Mwezi Novemba 2017, kifaa kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kilisikiliza pulsa kwa eksirei, na katika muda wa saa nane kikatambua chenyewe mahali kilipo katika mzunguko wa Dunia kwa kosa lisilozidi kilomita 16 hivi. Eksirei zinapendelewa kwa kuwa kifaa cha kuzipokea kinaweza kuwa kidogo, tofauti na antena kubwa za redio, na zinapokelewa angani pekee kwa sababu hewa yetu inazizuia.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linaugusa moyo wangu. Setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na setilaiti ile ikapewa jina la Uhuru. Neno letu, kwa herufi zake zilezile. Uhuru ndiyo iliyoigundua nyota ya Centaurus X-3 ikipiga mipigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8, na ndiyo iliyotoa orodha ya kwanza ya vyanzo vya eksirei vya anga nzima, ikiwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo, minara ya taa ambayo siku moja itaongoza vyombo kati ya nyota ilianza kuorodheshwa na chombo chenye jina la Kiswahili, kilichotoka kwenye maji yale yale ambayo rubani wa Malindi aliyavuka mwaka 1498. Sijasoma bado hadithi ya Kiswahili inayoanzia kwenye jukwaa lile. Kijana anayetafuta pa kuanzia, pa kuanzia ni pale.

Bado sijamaliza na pulsa. Vyombo vya Pioneer vya mwaka 1972 na 1973, na vile viwili vya Voyager, vimebeba mchoro uliobuniwa na Frank Drake, wenye mistari 14 ya pulsa inayotoka mahali pamoja. Kila mstari ni pulsa, na urefu wa mpigo wake umeandikwa kwa kipimo kinachotokana na atomu ya haidrojeni, kipimo ambacho kiumbe yeyote mwenye fizikia anaweza kukijua. Mahali mistari inapokutana ni hapa kwetu. Lakini pulsa hupungua kasi pole pole sana kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo yeyote atakayeuokota mchoro na kupima mipigo ya wakati wake ataweza kukokotoa pia ni zamani kiasi gani ulipochorwa. Anwani yetu imeandikwa pamoja na tarehe yake. Ndilo jibu la babu yangu, limechorwa juu ya chuma.

Mwandishi makini ataona hatari iliyomo humo. Mwale wa pulsa ni mwembamba, na tunaiona pulsa fulani kwa sababu tu mwale wake unapita usawa wetu. Msafiri aliyekwenda mbali sana atakuta baadhi ya minara imezimika, nayo haikuzimika, ila yeye ndiye aliyetoka kwenye mwanga wake, na mingine isiyo kwenye ramani yoyote itaanza kuwaka. Katika mswada ninaoandika mimi, nahodha anahesabu minara tisa mwaka anaoondoka na minara mitano mwaka wa mwisho wa maisha yake, na hawaambii abiria. Nimeiandika upya sura hiyo mara nne, na kila mara kunyamaza kwake kunanishinda.

Kasi nayo ina mambo yake. Mtu akisimama kwenye mvua ya masika isiyo na upepo, matone yanamwangukia utosini. Akianza kukimbia yanampiga usoni. Nuru ya nyota ni kama mvua hiyo, na mwanaastronomia James Bradley alilitambua jambo hilo na kulitangaza mwaka 1729, kwa kupima jinsi nyota zinavyoyumba kidogo sana kadiri Dunia inavyozunguka Jua. Kwa chombo kinachokwenda nusu ya kasi ya nuru, nyota iliyokuwa ubavuni, nyuzi 90, inaonekana kwenye nyuzi 60 kutoka omo. Kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru inaonekana kwenye nyuzi 8 tu, maana yake ni kwamba nusu nzima ya anga imekusanyika mbele kama kundi la ndege, na tezini, yaani nyuma ya chombo, kumebaki giza. Rangi nazo zinabadilika: za mbele zinaelekea buluu na kuipita, za nyuma zinaelekea wekundu na kupotea. Mistari ya mwanga tunayoonyeshwa kwenye filamu haimo. Nahodha wa kweli angekuwa na anga iliyojikunja, na kazi yake ingekuwa kuikunjua kwa hesabu ili aitambue ile ya ramani, na kutokana na kiasi cha mkunjo huo angejua kasi yake, kama baharia anavyoijua kwa povu la omoni.

Kisha kuna saa. Hapa Dar es Salaam, kila anayeita bodaboda kwa simu anatumia setilaiti ambazo saa zake, kwa sababu ya kasi yao na ya kuwa mbali na uzito wa Dunia, zinatangulia saa zetu kwa sehemu 38 kati ya milioni za sekunde moja kila siku, na kama zisingesahihishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku, bodaboda ikakufuata Kibaha wakati uko Ubungo. Hiyo ni kasi ndogo. Kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, safari ya miakanuru 100 itachukua miaka 101 kwa saa za bandarini na miaka 14 na robo kwa saa ya chomboni. Nahodha ana saa mbili, zote mbili ni za kweli, na zote mbili anazihitaji: ya chomboni ili ajue chakula na umri wa watu wake, na ya bandarini ili ajue nyota na pulsa zimefika wapi.

Watu wa pwani hii tutauliza jambo ambalo wengine hawakuliuliza sana. Mwezi wa Ramadhani utafungwa kwa saa ipi, na kibla ni wapi? Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: nyakati za sala zifuate mahali alipoondokea, na kibla kiwe kwa kadiri ya uwezo wake, aielekee Kaaba, au usawa wake, au Dunia, au popote anapoweza. Nimeusoma mwongozo huo mara nyingi kama mwandishi, kwa sababu ni wapi na lini tena, na umejibiwa kwa huruma. Atakayeuendeleza hadi kwenye chombo ambacho Dunia ni nukta isiyoonekana ndani ya Jua lisilotambulika, atakuwa ameandika hadithi ambayo haikuazimwa popote.

Kuhusu njia za mkato sitasema mengi. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre alichapisha hesabu za povu la anga linaloweza kukichukua chombo kupita kasi ya nuru, na waliozichambua baadaye wakaonyesha kwamba aliye ndani ya povu hilo hawezi kupeleka ishara hadi ukingo wake wa mbele, kwa maneno mengine ana chombo kisicho na usukani. Mimi naliona tatizo hilo kuwa zawadi kwa mwandishi. Mwenye kubuni milango ya mkato aiweke masharti, na chombo kinapotoka upande wa pili, kwa hisani yenu, mpeni nahodha ukurasa mmoja wa kutafuta minara yake kabla hajatangaza kwamba wamefika.

Katika Kiswahili, Katama Mkangi alikwisha kumpeleka mhusika wake ulimwengu mwingine katika Walenisi ya mwaka 1995, kwa hiyo hatuanzi na ukurasa mtupu. Maneno tunayo: omo, tezi, usukani, dira, kuabiri, kwenda mrama, kushika njia, kundinyota, mwakanuru. Yasiyokuwepo, kama pulsa, tumekwisha kuyavika mavazi ya lugha yetu. Nawaomba msiyakimbilie maneno ya kigeni mnapofika chumba cha usukani, maana chumba hicho ndicho lugha hii inachokijua zaidi.

Mwenyekiti ameniambia mawingu yametawanyika. Baada ya maswali, wanaoweza tutatembea pamoja hadi ufukweni. Taa za mji zinafifisha nyota nyingi, lakini mwezi huu, upande wa kusini, Salibu, yaani kundinyota la msalaba, inaonekana vizuri, na kushoto kwake ziko nyota mbili angavu zinazoielekea. Iliyo mbali zaidi na Salibu, ambayo ndiyo angavu zaidi, ni Rijili Kantori. Nuru tutakayoiona iliondoka huko miaka minne na miezi minne hivi iliyopita. Aliye na daftari alichukue, aandike saa.